Wino na Kitabu Kimoja cha Kanuni

Nyamazeni, enyi mlioketi kwenye benchi mkingoja zamu zenu. Na wewe uliye kitini usitikise kichwa, maana leo nina habari kubwa na wembe ni mmoja. Tegeni masikio niwasimulie vita ambavyo havikumwaga damu ila chai, na shujaa ambaye hakuinua upanga ila mkasi, na ushindi uliopatikana kwa sekunde tisa kamili kwa saa ya muuguzi, saa isiyojua kudanganya. Wapiganaji wakubwa wana watu wao wa kuwasifu. Huyu wangu asiposifiwa na kinyozi, atasifiwa na nani?

Shujaa mwenyewe mnamjua, ila hamjui kama mnamjua. Ni yule bwana wa duka la fotokopi, mlango wa tatu kutoka hapa, mwenye vidole vyeusi kwa unga wa mashine, ambaye kwa ajili ya vidole hivyo tulimwita Wino na jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Wino, bwana wa mashine mbili, moja nzima na moja yenye kununa. Wino, mfunga vitabu kwa waya wa kuzunguka, mtuliza wateja wenye haraka na barua za kazi. Ni mtu mpole kiasi kwamba ukimkanyaga, anayeomba radhi ni yeye. Nami ambaye nimeshika vichwa vya mtaa huu wote na kujua kilichomo, sikudhani kwamba ndani ya kichwa kile, ambacho kila mwezi huniambia nipunguze pembeni tu, mlikuwa na simba amelala.

Sasa jueni uwanja wa vita. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, saa nane mchana, sisi watu watano hukutana sebuleni kwa Mwalimu, mfundishaji wa hesabu, kucheza mchezo wa mezani wa mashujaa. Wewe wa pembeni, usicheke, nitakunyoa vibaya. Kila mmoja wetu ana shujaa wa kubuni aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, hofu zake. Mwalimu anatusimulia tulipo na yaliyotukuta, sisi tunasema tunafanya nini, kisha dadu zinaamua kama tumeweza au tumeaibika. Mimi ni mpiga upinde asiyekosea shabaha, ingawa dadu zina kinyongo nami. Fundi Cheche, mchomeleaji wa mageti, mwenye mabega ya kubeba mlango na sauti ya jenereta, ni mchawi mdogo mwembamba anayeogopa paka. Wino ni mpishi wa jeshi. Katika mashujaa wote wa dunia, mtu mzima kaenda kuchagua mpishi.

Wa tano ni dada yake Wino, dada mkubwa, muuguzi wa wodi ya watoto, ambaye mezani petu anaitwa Bi Ngao, mlinzi wa lango, mwanamke aliyevaa chuma toka utosini hadi nyayoni. Nje ya mchezo ni mtu wa maneno machache, na kifuani amebana saa yake ya kazi iliyoning'inia kichwa chini, ili yeye akiinamisha macho aisome sawasawa bila kuishika. Katika wiki mbili za kukimbizana na homa za watoto wa watu, anapata saa nne za kwake mwenyewe, na hizo nne huja kuzikalia pale, kiti cha upande wa dirisha, akitazamana na mdogo wake. Wanaonana hapo tu. Simu za ndugu mnazijua zilivyo, ni "hujambo" na "nitakupigia".

Adui naye mumjue, maana shujaa bila adui ni mtu anayejipigia kelele. Adui alikuwa kanuni. Kanuni za mchezo ule, wapenzi wasikilizaji, hazikukaa pamoja hata siku moja. Kitabu cha kwanza, chenye jalada lililopigwa gundi mara nne, kilieleza mambo ya kupigana. Cha pili kilieleza uchawi, na katikati ya uchawi, bila haya, kikaingiza habari za farasi. Cha tatu kilibeba kila kilichosahauliwa na viwili vya kwanza, nacho ndicho kilichoshikilia mguu mfupi wa meza ya Mwalimu. Ukikihitaji, Fundi Cheche sharti anyanyue meza, dadu zimwagike, na mke wa Mwalimu aulize kutoka chumbani kama tunahama. Juu ya hivyo kulikuwa na vijitabu viwili vya marekebisho, na karatasi moja iliyorekebisha marekebisho. Na mwisho kulikuwa na kifuniko cha boksi la mchezo, ambacho ndani yake tuliandika kwa kalamu hukumu zetu wenyewe kila tulipochoka kubishana. Kifuniko kilikuwa kimejaa. Sisi si watu wa kuchoka haraka, kwa hiyo hesabuni wenyewe ni ubishi kiasi gani.

Ikawa Jumamosi moja, Bi Ngao akiwa wa mwisho kuvuka daraja la kamba, daraja likakatika, naye akatumbukia mtoni na chuma chake chote. Swali likawa dogo, mtu angedhani limekwisha kabla chai haijapoa: aliyevaa chuma akianguka majini huzama baada ya muda gani, na mwenzake anaweza kumtoa?

Kitabu cha kwanza kilisema tazama cha tatu. Meza ikanyanyuliwa. Cha tatu kikasema tazama cha kwanza. Kijitabu cha marekebisho kikasema yaliyotangulia yafutwe, na ile karatasi ikasema yasifutwe. Hapo ndipo nilipoinuka, mimi mnyonge wenu, nikaweka mkono kifuani na kunena.

"Sikilizeni, wenzangu wa meza hii tukufu. Katika kitabu cha pili, penye habari za farasi, imeandikwa kwamba farasi mwenye tandiko la chuma huelea kwa zamu tano ndipo azame. Mimi nauliza, na anayeweza anijibu, je, dada yetu huyu ni mzito kuliko farasi? Kama si mzito kuliko farasi, basi ana zamu tano, tena na chenji."

Fundi Cheche akainuka upande wa pili, na sebule ikawa ndogo.

"Kinyozi, unamlinganisha dada wa watu na farasi, naye amekaa hapa anakusikia? Haya. Mimi chuma nakijua, nimekula nacho, nimelala nacho. Chuma hakielei. Niliangusha nyundo kisimani mwaka juzi, mpaka leo haijarudi kunisalimia. Dada amezama tayari. Tumwombee."

"Hatumwombei mtu kabla ya kanuni," akasema Mwalimu, ameziba masikio kwa vidole viwili huku akipekua ukurasa kwa kiwiko. Nikamjibu Fundi, Fundi akanijibu, kifuniko kikaletwa, kikasomwa mbele na nyuma, kikaonekana kina hukumu tatu juu ya maji na zote zimepingana, moja mwandiko wangu. Penye wengi pana mengi. Nakiri mbele yenu kwamba nilifurahi siku ile. Nilikuwa nashinda.

Jua likahama kutoka kwenye kochi likaenda ukutani. Ndipo muuguzi alipoinamisha macho, akaisoma ile saa ya kifuani, na akasimama. Hakupaza sauti.

"Mimi nimetoka zamu ya usiku, nikaoga, nikaja. Nimekaa majini masaa matatu. Kinyozi umeongea, Fundi umeongea, Mwalimu umesoma sana, ahsante. Mimi sijatupa dadu hata moja." Akazirudisha dadu zake kwenye soksi ya mtoto anayozitunzia, akaifunga fundo. "Nitakuja mara moja tena. Siku hiyo tukifungua kitabu zaidi ya kimoja, basi, mimi nitabaki nyumbani nilale. Sijamkasirikia mtu. Nimechoka tu."

Akamgusa mdogo wake begani alipopita, akatoka. Mimi na Fundi tukakaa tumetazama sakafu, na ule ushindi wangu ukawa hauna hata wa kumwonyesha.

Wino, ambaye siku nzima alikuwa amesema maneno mawili, na yote mawili yalikuwa "samahani", alikitazama kile kiti cha dirishani. Alikitazama muda mrefu hata Mwalimu akamwuliza kama anaumwa. Ndipo akanena.

"Nitatengeneza kitabu kimoja. Kila kitu kitakuwa ndani. Nina wiki mbili na mashine mbili."

"Moja," nikamkumbusha. "Ile nyingine imenuna."

"Moja na nusu," akasema Wino. Basi huo ndio uliokuwa mwito wa vita.

Habari zikienea kwamba mtu anajenga, kila mtu huja na dirisha lake. Katika wiki ile ya kwanza, wajumbe wa meza tulimiminika dukani kwa Wino mmoja mmoja, kila mmoja na haja yake moyoni. Nilitangulia mimi. Nikamwambia, ewe Wino, mimi natamani silaha zote zikae ukurasa mmoja, zimepangwa kwa safu, upinde juu kabisa, na maandishi yawe makubwa kwa sababu macho yangu nayatunza kwa ajili ya masikio ya wateja. Akaandika. Hakubisha hata hilo la upinde.

Fundi Cheche yeye alitaka kitabu kilale. "Nikikifungua kilale chali, kitulie. Hivi vyetu ukiviachia vinajifunga vyenyewe mpaka uvibane na kikombe, na kikombe kikimwagika unaambiwa Fundi ana mikono mizito." Mwalimu alikuja na karatasi aliyoiandika kwa rula. Alitaka faharasa mwishoni, yaani orodha ya mambo yote na kurasa zake. Na penye kanuni mbili zinazopingana ibaki moja, ile nyingine izikwe bila matanga. Na hukumu zetu za kwenye kifuniko ziwekewe alama, asije akamlaumu aliyebuni mchezo kwa upumbavu wa kinyozi. Nilikuwepo dukani aliposema hivyo. Nilinyamaza kwa heshima ya kazi iliyokuwa mbele yetu.

Dada yake alimpigia simu. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mtoto analia wodini.

"Dada, unataka nini kwenye kitabu?"

"Mfano."

"Mfano wa nini?"

"Kila kanuni iwekee mfano. Watu wawili wanafanya kitu, kinatokea kitu. Mimi nikichoka siwezi kusoma kanuni, mdogo wangu, nasoma watu. Ngoja, huyu anatapika." Simu ikakatika. Wino akaandika neno hilo moja juu kabisa ya karatasi, na kulizungushia duara.

Enyi mlio kwenye benchi, laiti mngemwona kazini. Kila mchana alitundika mlangoni kibao cha "Nimetoka kidogo", naye yumo ndani, ameinamia meza na mkasi, gundi na kompyuta, anakata kitabu cha kwanza, anachapa cha pili, anainukuu karatasi ya marekebisho huku akiitukana kwa adabu. Kitabu cha tatu alikiazima kwa Mwalimu, na siku zote hizo meza ikasimama kwa msaada wa sahani. Faharasa ilimtoa jasho. Kupigana, kukimbia, kuloga, kuanguka, kuzama, kula, vyote vilijazana kwenye K, hata K ikanenepa kurasa sita na herufi nyingine zikabaki na njaa. Akaipangua yote, akaipanga upya kwa vitu: maji, moto, farasi, ngazi. Hayo maji peke yake yalimla siku nne. Nilipita kumchungulia, nikamkuta ameshika kichwa.

"Kinyozi, kila kitabu kinasema lake."

"Chagua lako basi," nikamwambia. "Wewe ndiye mwenye mashine."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa mlango haujawahi kufungwa. Kisha akaandika. Aliandika kidogo, akacheka peke yake, akaifunika karatasi kwa mkono nisiisome. Mimi si mtu wa kupenda mambo ya watu, lakini siku ile nilikaribia kumsukuma.

Basi ikafika Jumamosi ya ahadi. Saa sita mchana ile mashine nzima, ambayo haijawahi kumwangusha mtu, ikameza karatasi na kugoma kuzitapika. Mishumaa huzimika usiku wa harusi. Wino hakulia. Alijifunga kitambaa shingoni, akaiendea ile mashine yenye kununa, akaibembeleza, akaipigapiga ubavuni, nayo ikawaka taa ya kijani kwa mara ya kwanza tangu mvua zilizopita. Akaiagiza ichape pande mbili za kila karatasi. Ikachapa, ikiguna kila ukurasa. Akatoboa, akapitisha waya, akauminya kwa koleo. Nami nilikuwa nimeingia kumchukua, saa saba na dakika arobaini, nikamkuta ameketi chini sakafuni na kitabu mapajani.

Ole wetu. Kumbe mashine ile ina desturi yake: pande mbili kwake ni kalenda ya ukutani, inageuziwa kwa juu. Kila ukurasa wa mkono wa kulia ulisimama wima kama mtu mwungwana, na kila ukurasa wa mkono wa kushoto ulisimama kwa kichwa, miguu hewani.

"Ngapi zimepinduka?" nikauliza.

"Nusu."

"Nusu ni nafuu."

"Karatasi zimekwisha," akasema Wino. "Nilitaka leo kiwe kizuri. Leo tu. Hatarudi tena, Kinyozi, namjua dada yangu, hasemi kitu mara mbili." Na macho yake yalikuwa yamejaa, nami sikupata utani wa kumwambia, mtu kama mimi.

Nikamnyanyua kwa kwapa. Nikamwambia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, kwamba ukurasa uliopinduka bado ni ukurasa, na kwamba tukichelewa hapo ndipo tutakuwa tumepinduka sote. Akakivika kitabu mfuko wa plastiki, akakikumbatia, tukaenda kwa miguu. Njia nzima hakuinua uso.

Walikuwa wameshaketi. Kitabu cha tatu kilikuwa kimerudi chini ya mguu wa meza. Muuguzi alikuwa kitini pake, upande wa dirisha, soksi ya dadu mbele yake, fundo halijafunguliwa. Chai ilikuwa imemiminwa. Mwalimu akakohoa, akaishika sauti yake ya kusimulia, ile inayofanya watoto wa jirani wasogee dirishani.

"Bi Ngao yuko mtoni. Maji ni baridi, chuma kinamvuta. Juu ya ukingo wamesimama wenzake watatu. Mnafanya nini?"

Mimi nilishafungua kinywa. Fundi alishafungua chake. Lakini aliyesema ni Wino.

"Mpishi anaruka."

"Mpishi hajui kuogelea," akasema Mwalimu, akisoma karatasi ya mpishi. "Umeandika mwenyewe."

"Anaruka hivyohivyo."

Hapo lile swali letu likarudi na kukaa mezani kama mgeni asiyekaribishwa: huyo aliyezama ana muda gani, na huyu aliyeruka anaweza? Mkono wangu, naapa, ulienda wenyewe kuelekea kitabu cha pili, penye farasi. Fundi Cheche akaukamata, akaubana mezani kwa kiganja chake cha kuchomelea mageti. Muuguzi akainamisha macho kwenye saa ya kifuani. Alikuwa anahesabu.

Sekunde ya kwanza, Wino alikitoa kitabu mfukoni. Ya pili, akakilaza katikati ya meza, nacho kikalala chali, kikatulia, hakikuhitaji kikombe, na Fundi Cheche akavuta pumzi ya mtu aliyetimiziwa ndoto. Ya tatu na ya nne, vidole vyeusi vikapita kwenye faharasa, ukurasa ambao kwa rehema ulikuwa wa mkono wa kulia: maji, kuzama, arobaini na sita. Ya tano, waya ukalia, kurasa zikapinduka pamoja. Ya sita, akafika pale. Arobaini na sita.

Mkono wa kushoto.

Akauona umesimama kwa kichwa mbele yake, mistari yote nyuma mbele, na uso wake ukabadilika. Akashika pembe za kitabu ili akizungushe, na kikombe changu, kilichokuwa kimepumzika pale kwa amani, kikaenda na kiwiko chake. Hiyo ndiyo chai niliyowaambia.

Ndipo, sekunde ya tisa, mkono wa pili ulipotua juu ya kitabu kutoka upande wa dirisha.

"Usigeuze," akasema dada yake. "Mbona huku kiko sawa."

Maana yeye alikaa akitazamana naye, wapenzi wasikilizaji. Kilichopinduka kwa mdogo wake kilikuwa kimesimama wima kwake, herufi kwa herufi. Akakisogeza kidogo, chai isikifikie, na akasoma kwa sauti, kidole juu ya mstari.

"Mwenye uzito mwilini huzama baada ya zamu tatu. Anayemfuata anatupa dadu moja. Akipata tatu au zaidi, anamtoa. Haidhuru kama hajui kuogelea." Akatua. Mistari miwili, basi. Masaa matatu ya ubishi wangu yaliingia humo na nafasi ikabaki. "Mfano," akasoma, na hapo sauti yake ikapunguza mwendo. "Mtoto wa miaka minne ametumbukia kwenye pipa la maji, nyuma ya nyumba. Dada yake ana miaka tisa. Amevaa sare ya shule na viatu, na pipa linampita kimo. Havui kitu. Anatupa dadu moja."

Chai ilitiririka hadi ukingoni, ikaanza kudondoka kwenye goti langu, nami nikaiacha idondoke.

"Nilimvuta kwa sikio," muuguzi akatuambia sisi wengine, ingawa hatukuuliza. "Mama alinichapa kwa kulowesha viatu." Kisha akamtazama mdogo wake. "Sikujua unakumbuka. Ulikuwa mdogo mno. Hapa hukuandika nilipata ngapi."

"Si nipo hapa, dada," akasema Wino.

Muuguzi akaivuta soksi. Fundo alilifungua kwa meno, akatoa dadu moja nyekundu, na hakuitupa yeye. Akanyoosha mkono, akaiweka kwenye kiganja kile cheusi.

"Haya. Sasa nitoe wewe."

Enyi watu, nimeona dadu nyingi, na nyingi zimenionea. Ile iligonga kijiko, ikapanda ukingo wa sahani, ikazunguka, ikasitasita baina ya moja na tatu kama mtu anayetafuta anwani, kisha ikalala. Tatu. Tatu kamili, hakuna hata nukta ya ziada, na tatu inatosha; imeandikwa, ukurasa wa arobaini na sita. Mpishi wa jeshi, asiyejua kuogelea, alimtoa Bi Ngao mtoni na chuma chake chote. Mwalimu alipouliza amemshika wapi, Wino alisema sikio. Muuguzi akacheka, na mimi sijawahi kumsikia akicheka kabla ya hapo, akacheka mpaka ile saa ikaruka kifuani.

"Sekunde tisa," akasema alipopata pumzi. "Nilihesabu."

Tulicheza hadi saa kumi na mbili. Tulivuka mto, tukateka mnara, na paka wawili walimtia Fundi mashakani. Kitabu kingine hakikufunguliwa. Cha tatu kipo chini ya mguu wa meza hadi leo, na siwezi kusema kwamba kimeshushwa cheo, maana hiyo kazi ndiyo pekee ambayo haijawahi kumpinga mtu.

Jumatatu yake nilimkuta Wino na boksi jipya la karatasi, mashine nzima imepona, yuko tayari kuchapa upya, kurasa zote zisimame upande mmoja. Simu yake ikaita. Ilikuwa ya dada yake, na haikuwa ya "hujambo" na "nitakupigia". Nilimaliza kikombe cha chai wao wakizungumza. Mwisho nikamsikia Wino akimweleza habari ya kuchapa upya. Akasikiliza. Kisha akalifunga lile boksi kwa gundi ya karatasi.

"Amekataa," akaniambia. "Anasema kurasa zote zikitazama upande wangu, yeye atakuwa anakuja kufanya nini?"

Basi andikeni, enyi mlioketi, hata kama ni vichwani mwenu tu, ambavyo mimi ndiye ninayevitunza. Andikeni kwamba katika mtaa huu, siku ya Jumamosi, saa nane na dakika chache mchana, mtu mwenye vidole vyeusi alifungua kitabu kimoja, kwa sekunde tisa, na dada yake akafungua soksi. Falme zimejengwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Na kitabu chenyewe kipo, mkitaka kukiona, ila mkitaka kukisoma chote sharti muwe wawili, mmoja huku na mmoja kule.